Mume wangu katiwa hatiani kwa hongo: pensheni yake imekwenda?

"Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Ngamiani, Tanga. Mume wangu ana miaka 52. Aliajiriwa halmashauri Machi 2005, idara ya ardhi. Septemba 2023 alikamatwa kwa tuhuma za kuomba hongo ya shilingi laki tatu, akasimamishwa kazi, tukawa tunaishi kwa nusu mshahara. Wiki tano zilizopita mahakama ilimtia hatiani: faini laki tano au jela miaka mitatu. Tumeuza pikipiki, tumelipa faini, yuko nyumbani. Sasa imekuja barua inayomtaka ajieleze kwa nini asifukuzwe kazi. Watu wazima wa mtaani wanasema ukishatiwa hatiani pensheni imekwenda na maji. Mwingine anasema aandike upesi barua ya kuacha kazi, ataokoa mafao. Kijana wetu aliyeko Marekani anasema huko mtu wa rushwa wanamchukulia pensheni yote. Na kuna bwana mmoja amejitolea kutufuatilia mafao yote yatoke sasa hivi, tumpe asilimia kumi. Mume wangu usiku halali. Je, miaka yote ile imepotea?"

Waaleikumu salaam, dada yangu, na poleni sana nyote pamoja na shemeji. Umeuliza swali moja la pensheni, lakini ndani ya barua yako kuna jambo la haraka kuliko pensheni, nalo ni siku. Nianze na hilo, maana pensheni inaweza kungoja na siku hazingoji.

Umesema hukumu ina wiki tano. Anayetaka kukata rufaa Mahakama Kuu kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi anatakiwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha kuwasilisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45 tangu hukumu. Muda uliotumika kungoja nakala ya mwenendo wa shauri na hukumu hauhesabiwi katika hizo 45. Siku 10 zimekwisha kupita. Kama taarifa ilitolewa, vizuri sana. Kama haikutolewa, bado ipo njia ya kuiomba Mahakama Kuu iongeze muda, ila itataka sababu ya maana ya kuchelewa, na kila siku mnayokaa nyumbani mkijadiliana na majirani inaidhoofisha sababu hiyo. Mahakama Kuu ina masjala yake hapahapa Tanga mjini. Shemeji aende na wakili wiki hii. Kama fedha imekwisha kwenye faini, tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wapo watoa msaada waliosajiliwa wanaomhudumia mtu bila malipo. Aulize ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, wataelekezwa.

Najua utaniuliza: rufaa ya nini, nasi faini tumeshalipa? Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kulipa faini kumemwepusha na jela, hakukumfutia hatia. Mbele ya mwajiri na mbele ya sheria, aliyelipa faini na aliyekwenda kutumikia miaka mitatu wote ni watu waliotiwa hatiani kwa kosa lilelile, kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Adhabu ndiyo iliyotofautiana. Na kwa upande wa pili, kulipa faini hakumfungii mlango wa rufaa. Rufaa ikifaulu, hatia yenyewe inaondoka, na barua yoyote ya kumfukuza iliyosimama juu ya hatia hiyo inabaki haina mguu. Iwapo shemeji alikiri kosa mwenyewe mahakamani, mambo yanabadilika, kwa kuwa aliyekiri kwa kawaida hubaki na nafasi ya kulalamikia adhabu tu. Wakili ataliona hilo kwenye mwenendo wa shauri, ndiyo maana nakala ile ina thamani.

Sasa pensheni.

Hayo wanayosema watu wazima wa mtaani kwenu hawakuyatunga. Sheria za pensheni tulizoachiwa na Waingereza zilimwona mtumishi wa serikali kama mtu anayepewa hisani. Hakuwa anakatwa mchango wowote, na sheria zenyewe zilitamka kwamba hana haki kamili ya pensheni. Zilimpa mtawala uwezo wa kumnyima aliyefukuzwa kazi, na wa kuisitisha hata ya mstaafu aliyehukumiwa kifungo. Jirani zetu Kenya bado wanayo Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, yenye lugha ya namna hiyo, na sisi wa Tanga tunaosikiliza habari za ng'ambo ya Horohoro kila siku tunazichukua habari zao tukadhani ni zetu. Mzee aliyekuwa mtumishi wa serikali miaka ya sitini na sabini aliishi chini ya sheria hizo. Aliwaona wenzake wakitoka mikono mitupu, na anachokuambia ni kile alichokiona.

Lakini mambo yalibadilika tangu Julai 1999, Sheria Na. 2 ya mwaka huo ilipoanza kazi na watumishi wa serikali kuu wakaanza kuchangia. Mwaka 2018 ikaja sheria nyingine, nayo pia Na. 2, iliyounganisha mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa mmoja, PSSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, ulioanza tarehe 1 Agosti 2018. Chini ya mpango huu kila mwezi kinaingia kwenye mfuko kiasi cha asilimia 20 ya mshahara: asilimia 5 anakatwa mtumishi mwenyewe, asilimia 15 anaweka mwajiri. Sheria inapompima mwanachama kwa pensheni ya uzee inaangalia mambo mawili. La kwanza ni umri, miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. La pili ni kuwa amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Hukumu ya jinai haikuwekwa kuwa sharti la tatu.

Tuhesabu basi ya shemeji. Machi 2005 mpaka Agosti 2023, mwezi wa mwisho kabla hajasimamishwa, ni miezi 222. Sharti la miezi alilivuka zamani. Alichobakiwa nacho ni umri, miaka mitatu kufika 55. Kikokotoo kinachotumika kinachukua wastani wa mishahara ya mwaka ya miaka mitatu iliyo bora, kinazidisha kwa miezi ya uchangiaji, kinagawanya kwa 580. Tuseme wastani wake ni Sh 900,000 kwa mwezi, yaani Sh 10,800,000 kwa mwaka. Zidisha kwa 222, gawanya kwa 580, unapata kama Sh 4,133,000 kwa mwaka, ambayo ni karibu Sh 344,000 kwa mwezi kabla ya kutengwa sehemu inayolipwa kwa mkupuo. Hizi si fedha za kuzipa mgongo kwa maneno ya barazani.

Kwa hiyo hukumu haikuifuta miezi 222. Nataka hilo likae moyoni mwenu leo usiku. Nisingependa, hata hivyo, ulichukue kama neno la mwisho, kwa kuwa kati ya hukumu na pensheni kuna kitu katikati, nacho ndicho kinachoumiza familia nyingi: namna ajira inavyokoma. Mahakama ilikuwa na kazi moja, kuamua kosa na adhabu. Haikumfukuza kazi. Anayeweza kumfukuza ni mamlaka yake ya nidhamu, na barua mliyoipata ndiyo mwanzo wa hatua hiyo. Barua itakayofuata, ile ya uamuzi, ndiyo PSSSF watakayoisoma neno kwa neno shemeji atakapokwenda kudai. Kufukuzwa, kuachishwa, kustaafishwa kwa manufaa ya umma, kujiuzulu, kila moja lina matokeo yake: fao gani analipwa, na lini.

Kuna tukio la hapa nchini linaloonyesha vizuri mpaka ulipo. Mwaka 2017 maelfu ya watumishi waliondolewa kazini baada ya uhakiki wa vyeti kuonyesha kwamba waliajiriwa kwa vyeti vya kughushi. Kwa miaka mitano hawakulipwa chochote. Oktoba 2022 Serikali ikatangaza kuwarejeshea michango yao, ila ile waliyokatwa wao tu kwenye mishahara. Fungu la mwajiri halikurejeshwa. Kwa nini? Kwa sababu ajira yao ilihesabiwa kuwa imeharibika tangu siku ya kwanza, na juu ya ajira hiyo haiwezi kujengwa pensheni. Shemeji hayuko katika kundi hilo. Aliajiriwa kihalali na alichangia kihalali. Kosa alilotiwa hatiani, kama rufaa italiacha lisimame, ni la siku moja ya mwaka 2023, halirudi nyuma kuichafua ajira ya 2005. Mtu yeyote akimwambia ofisini kwamba "watu wa kesi hurudishiwa michango yao tu", huyo anachanganya mambo mawili. Shemeji amwombe kwa adabu aandike jibu hilo kwenye karatasi na ataje kifungu cha sheria. Mara nyingi jibu la mdomo hubadilika likidaiwa kuandikwa.

Na huyo kijana wenu wa Marekani hajasema uongo. Huko kila jimbo lina sheria yake. Illinois, jimbo lenye mji wa Chicago, gavana wake wa zamani George Ryan alihukumiwa kwa rushwa, na mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba pensheni yote ya utumishi wake wa umma imepotea. Lakini katika jimbo hilohilo, kamanda wa zamani wa polisi Jon Burge, aliyetiwa hatiani mwaka 2010 kwa kusema uongo chini ya kiapo kuhusu mateso ya mahabusu, alibaki na pensheni yake. Bodi ya mfuko iligawanyika nusu kwa nusu juu ya swali moja: je, uongo aliousema akiwa amekwisha kustaafu ulikuwa sehemu ya kazi yake ya polisi? Uingereza nako, walikotutungia sheria zile za kwanza, siku hizi pensheni ya mtumishi huguswa kwa makosa mazito tu, kama uhaini au kosa la kikazi ambalo waziri amethibitisha kwamba limeidhuru nchi vibaya. Nimeyaeleza haya ili umjibu kijana vizuri. Ya Illinois yanatoka kwenye sheria iliyoandikwa wazi kwamba kosa linalohusiana na kazi linapoteza pensheni. Shemeji anahukumiwa kwa sheria za Tanzania, na hizo ndizo za kusoma.

Barua ya kujieleza nayo isijibiwe kwa hasira wala kwa mkato. Mamlaka ya nidhamu haina haja ya kuanza kuthibitisha upya kosa ambalo mahakama imekwisha kulithibitisha, kwa hiyo kujaza kurasa tatu za "nilisingiziwa" kunasaidia kidogo hapo. Mahali pake ni kwenye rufaa. Kinachosaidia kwenye majibu ni kueleza kwamba rufaa imekatwa, kama kweli imekatwa, na kuambatanisha nakala yenye muhuri wa masjala. Aeleze pia utumishi wake wa miaka 18 na rekodi yake ya nidhamu. Kufukuzwa ndiyo adhabu ya juu kabisa. Mamlaka ina adhabu nyingine chini yake, na aombe waziwazi wazifikirie hizo. Sitakudanganya: kwa kosa la rushwa, uwezekano wa kufukuzwa ni mkubwa. Hata hivyo majibu yale yanabaki kwenye faili, na faili ndilo litakalosomwa na ngazi ya juu.

Akifukuzwa, ana siku 45 za kukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, na asiporidhika na uamuzi wa Tume anaweza kwenda kwa Rais. Wengi wetu hukimbilia CMA, chombo cha usuluhishi wa migogoro ya kazi. Tangu marekebisho ya 2016, mtumishi wa umma lazima amalize kwanza njia za Sheria ya Utumishi wa Umma. Nimeona watu wakitumia mwaka mzima CMA, wanaambiwa walikosea mlango, na wakirudi Tume muda umeshapita. Hilo linaniuma kila mara, maana ni watu waliokuwa na hoja.

Habari ya kuandika upesi barua ya kuacha kazi, naomba mwiache kabisa. Barua hiyo haiizimi hukumu, na anayeandika akiwa na shauri la nidhamu mezani anaonekana anakimbia. Zaidi ya hayo, PSSSF wana fao la kukosa ajira, linalolipwa kwa miezi michache kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18. Fao hilo limewekwa kwa aliyepoteza kazi, si kwa aliyeiacha mwenyewe. Miezi 222 yake haiongezeki hata mmoja kwa kujiuzulu. Anayetoa ushauri huo ana nia njema tu, hajui.

Huyu wa asilimia kumi ni jambo jingine. Dada yangu, PSSSF hawatozi kitu kumlipa mwanachama haki yake, na fomu za madai ni bure. Mtu anayeahidi kwamba mafao "yatatoka yote sasa" kwa mwanachama wa miaka 52 mwenye miezi 222 ama hajui anachokisema, ama anataka shemeji atie sahihi karatasi itakayombadilishia pensheni ya maisha kuwa fungu la mara moja. Fedha zikitoka kwa njia hiyo, kuirudisha ile Sh 344,000 ya kila mwezi uzeeni ni kazi kubwa mno. Najua hali ya nyumbani ilivyo, pikipiki imeuzwa na ada za shule zinagonga mlango, na fungu la mara moja linavutia. Hata hivyo vishoka wa namna hii hupenda sana nyumba yenye kesi, kwa kuwa wanajua mna hofu na hamtauliza maswali. Msimpe kitambulisho cha NIDA, wala namba ya uanachama, wala nywila ya simu.

Badala yake shemeji aende mwenyewe ofisi ya PSSSF hapa Tanga mjini, achukue taarifa ya michango, arudi nayo nyumbani. Mketi mezani muipitie mwezi kwa mwezi mkiwa na hati zake za mshahara pembeni. Kuna sehemu mbili mashimo hupenda kujificha. Moja ni miezi ya kabla ya Agosti 2018, wakati michango ilikuwa ikipelekwa kwenye mfuko wa zamani. Ya pili ni kipindi cha nusu mshahara tangu Septemba 2023: muone kama mwajiri alipeleka chochote, na kiasi gani. Shimo likionekana leo, mwajiri bado anamjua, maafisa utumishi bado wana faili lake. Miaka mitatu ijayo mtakuwa mnamsaka mtu aliyehamia Katavi.

Tazameni majina pia. Barua ya ajira inasema Athumani, NIDA inasema Othman, cheti cha ndoa kinasema Athuman bila i. Kwetu huyo ni mtu mmoja, kwenye mfumo ni watu watatu, na madai yanakwama miezi. Kiapo cha kuthibitisha majina kwa wakili ni jambo la siku moja. Na jina lako wewe na la watoto wote wanne, hakikisha yako kwenye taarifa za wategemezi, na cheti cha ndoa kimo ndani ya faili. Halipendezi kulitaja, lakini Mungu akimchukua kabla ya 55, hicho ndicho kitakachokusimamia wewe.

Jambo moja hukuniuliza na lazima nikuambie: kadi ya bima ya afya. Anayestaafu kwa kawaida akiwa mchangiaji wa NHIF anaendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake. Anayefukuzwa katikati, kadi ya utumishi inakoma. Kama kuna mtu nyumbani mwenye kliniki ya sukari au presha pale hospitali ya Bombo, pangeni mapema namna ya kulipia. Na kama kuna mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, shemeji awaendee benki kabla wao hawajamjia, aombe kupanga upya marejesho. Benki ikimwona anakuja mwenyewe huzungumza naye tofauti.

Huenda ukaogopa pia kwamba watamkamatia pensheni kwa deni au kwa kesi. Sheria za utaifishaji zinalenga mali iliyotokana na uhalifu. Michango iliyokatwa kwenye mshahara halali wa miaka 18 haikutokana na laki tatu hiyo. Kwa madeni ya kawaida, kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinaorodhesha mali zisizokamatwa kukazia hukumu, na malipo ya wastaafu wa Serikali yamo. Ila kinga hiyo ni rahisi kuitetea fedha ikiwa bado mfukoni mwa Mfuko. Ikishaingia akaunti ya benki ikachanganyika na nyingine, ubishi unaanza. Akianza kulipwa, afungue akaunti ya pensheni peke yake.

Kwa wasomaji wengine wenye ndugu waliostaafu tayari na sasa wako gerezani, Maweni au kwingine: mara nyingi mnaandika kwamba "pensheni imesitishwa kwa sababu ya kifungo". Kabla ya kuamini hivyo, ulizeni kuhusu uhakiki. Mstaafu anatakiwa kujihakiki, siku hizi hata kwa simu kwa kupiga picha ya uso, na asiyejihakiki malipo yake hushikiliwa mpaka ajulikane yu hai. Mfungwa hana simu. Familia inasubiri, mwezi unapita, malipo yanakatika, watu wanasema ni hukumu. Aandikiwe Meneja wa PSSSF wa mkoa barua yenye uthibitisho wa mkuu wa gereza kwamba mstaafu yupo hai na yuko mikononi mwao, na kuomba utaratibu wa kumhakiki huko aliko. Malipo yaliyoshikiliwa kwa sababu ya uhakiki hudaiwa uhakiki ukikamilika. Na wale ambao ndugu zao wameondoka kazini na miezi iliyo chini ya 180, hesabu yao si hii ya shemeji. Wakifika umri hawapati pensheni ya kila mwezi bali malipo ya mkupuo, hivyo wapate ushauri wao kabla ya kutia sahihi chochote.

Yaliyobaki siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Hukumu yenyewe sijaisoma, na wakili lazima aisome yote, ushahidi wa mtego na namna fedha ilivyoshikwa, ndipo aseme kama rufaa ina nguvu au ni kupoteza nauli. Barua ya kujieleza ikiwa imetaja siku ya mwisho ya kujibu, siku hiyo iheshimiwe hata kama wakili hajapatikana. Aandike majibu mafupi, ayapeleke masjala ya halmashauri mwenyewe, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Akishapata wakili, waende naye PSSSF siku moja, wapeleke barua inayouliza maswali mawili tu: miezi yangu inayotambuliwa ni mingapi, na nikifukuzwa kazi leo nastahili fao gani na lini, kwa kifungu kipi. Majibu yakija kwa maandishi, nitumie nakala yake na ile ya uamuzi wa mamlaka ya nidhamu, nikusaidie kuzisoma.